Lori la Bandarini Lina Namba Mbili

Pale Tazara, chini ya daraja la Mfugale, semi inayotoka Kurasini ikitaka kukata kushoto kuelekea Pugu huanza kwa kwenda kulia. Dereva anavuta kichwa nje mpaka anakaribia kumbana aliye njia ya jirani, ndipo anakunja usukani. Kushoto kwake panafunguka nafasi nzuri, pana, kama imeachwa makusudi kwa ajili ya mwenye haraka. Bodaboda anaingia. Kufumba na kufumbua nafasi ile haipo tena: huku ukingo wa barabara, huku matairi ya tela.

Si uchawi, wala si roho mbaya ya madereva wa malori kama inavyosemwa vijiweni. Tela halipiti pale kilipopita kichwa. Kwenye kona magurudumu yake ya nyuma hukata kwa ndani, na tela linalobeba kontena la futi 40, yaani zaidi ya mita 12, hukata sana. Dereva anayejua kazi lazima aanzie mbali. Naye amekaa juu, upande wa kulia. Mtu aliye chini kushoto, usawa wa mlango wa utingo, anaweza asimwone kabisa hata kwa vioo vyote alivyonavyo. Jicho lake la kushoto ni utingo, na utingo huenda amesinzia baada ya kukesha kwenye foleni ya kupakia.

Ongeza na uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito inaruhusu malori makubwa kabisa kufika tani 56 pamoja na mzigo. Hata kwa kilomita 50 kwa saa, mwendo halali wa mjini, dereva atakayechukua sekunde moja na nusu kushtuka atakuwa amekwenda mita 21 kabla mguu haujagusa breki, na breki za upepo nazo huchelewa kidogo kushika. Mwenye gari dogo akimchomekea mbele kwa mita kumi, hajamwachia dereva yule hata nafasi ya kujaribu.

Mimi ni wakili, si mhandisi wala trafiki. Haya nimeyajua kwa sababu mafaili ya ajali hizi huishia mezani kwangu, na mengi hufika yamekwishaharibika ingawa mhanga haki anayo. Dar es Salaam ni jiji la bandari, na kwenye jiji la bandari aliyekugonga yuko safarini. Leo yupo Kurasini, keshokutwa yupo Tunduma anasubiri kuvuka kwenda Zambia au Kongo, na akirudi huenda anaendesha lori jingine.

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi zaidi ni la namba. Semi ina namba mbili. Kichwa kina usajili wake, tela lina usajili wake, na si ajabu kila kimoja kikawa na mwenyewe na bima yake. Shahidi anayelikimbiza lori husoma namba ya tela, maana ndiyo anayoiona likiondoka. Namba hiyo ikiingia peke yake kwenye taarifa ya polisi, miezi kadhaa baadaye kampuni iliyokatia tela bima inajibu, tena kwa adabu zote, kwamba tela halijiendeshi. Kichwa kilikuwa cha nani? Hakuna anayekumbuka. Kilikuwa cheupe, labda.

Basi mwenye simu apige picha ya mbele kwanza, ndipo ya nyuma, kisha ya mlango, ambako jina la kampuni ya usafirishaji huwa limeandikwa. Halafu apige picha ya kontena lenyewe. Watu hulisahau kontena kwa sababu halikumgonga mtu, lakini lina namba yake, herufi nne na tarakimu saba, na haliondoki kwenye geti la bandari au la bandari kavu (ICD) bila kuandikwa limebebwa na gari lipi. Namba ya kontena inaweza kukufikisha kwenye kichwa hata kama kichwa chenyewe hakikuonekana. Ukishapata namba ya usajili, bima yake inahakikiwa kwenye mfumo wa TIRA, ile mamlaka ya usimamizi wa bima, badala ya kutegemea stika ambayo kila mtu anadai aliiona.

Hapa niseme jambo kuhusu “bima ndogo”, kwa sababu jina limeidhulumu. Watu huiona ni ya kumridhisha trafiki, shilingi 118,000 ambazo mwenye gari dogo la binafsi amezoea kuzitoa kwa mwaka huku akinung'unika. Bima hiyo haimlindii yeye gari lake. Inamlinda muuza mihogo aliye pembeni ya barabara. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, imeifanya ya lazima ili mtu aliyeumizwa asibaki anadai kwa dereva asiye na kitu. Mhanga haishtaki kampuni ya bima kwa kuwa ana mkataba nayo; hana. Anamdai dereva na mwenye gari, na hukumu ikishatoka, kampuni ya bima inawajibika kuilipa kwa masharti ya sheria. Sharti moja ni kwamba kampuni ijulishwe mapema kuwa kuna kesi. Wakili akilisahau hilo, atakuachia hukumu nzuri ya kutundika ukutani.

Kama lori ni la Zambia au la Rwanda, usikate tamaa kwa kuona namba ngeni. Magari hayo huingia na kadi ya njano, bima ya mtu wa tatu iliyo chini ya mpango wa COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye mpango wa kadi hiyo imo. Maana yake ni kwamba dai linashughulikiwa hapa hapa nchini. Huna haja ya kupanda basi kwenda Ndola. Ila kadi lazima ionekane: namba yake, tarehe zake, na orodha ya nchi inakofanya kazi.

Abiria wa magari ya IT, yale yanayopitishwa nchini kwenda nje, ndio wanaonitia huzuni. Gari limetoka melini, halijamfikia hata mnunuzi wake, dereva analipwa kwa safari na anataka kurudi haraka kuchukua jingine. Njiani anaokota watu wa Morogoro na Mbeya kwa nauli ya chini ya basi. Likianguka, swali la kwanza la mtu wa bima litakuwa: hawa walikuwa wanafanya nini ndani ya gari ambalo halikukatiwa bima ya kubeba abiria? Jibu lipo, lakini ni refu na lina gharama.

Turudi barabarani. Majeruhi aliye taabani hutibiwa kwanza, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, itafuata. Lakini ifuate kweli, siku hiyo hiyo ikiwezekana. PF3 isiyotaja maumivu ya nyonga haiwezi kusaidia nyonga iliyogundulika wiki ya pili, kwa hiyo rudi kwa daktari ayaandike. Chukua namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa cha polisi. Hakikisha trafiki aliyefika amechora mchoro wa eneo kabla magari hayajasogezwa, na kama yamesogezwa, majina na simu za waliokuwepo ndizo zinazobaki. Kesi ya jinai dhidi ya dereva nayo usiipuuze ukidhani haikuhusu. Hukumu yake ya mwisho ina uzito mkubwa kwenye dai lako, na shahidi asipofika kule, pengo litakufuata huku.

Halafu kuna kumalizana. Sina ugomvi na kumalizana. Bampa iliyokunjika imalizwe pale pale na watu waende kazini. Ninachokipinga ni kumaliza mfupa ambao haujapigwa picha ya eksirei. Tajiri wa lori anafika wodini na mjumbe wake, shilingi laki mbili ndani ya bahasha, na karatasi. Mara nyingi karatasi imeandikwa kwa Kiingereza, ingawa tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Ndani yake pana maneno yanayosema umepokea malipo yote na hutadai tena, sasa wala baadaye. Ndugu wanahitaji hela ya vyuma vya mguu. Dole gumba linawekwa. Pesa ya matibabu ipokee ukipewa, lakini iandikwe kuwa ni ya matibabu, kwa lugha unayoisoma, na sentensi ile ya “malipo yote” ifutwe.

Mama mmoja aliniletea risiti zake kwenye mfuko wa Rambo, ile ile mifuko iliyopigwa marufuku 2019. Mwanawe alikuwa bodaboda, mguu umesagika. Alikuwa ametunza kila kitu: dawa, eksirei, bajaji ya kwenda kliniki na kurudi. Alipozimwaga mezani, nusu yake zilikuwa nyeupe. Karatasi ya mashine ya EFD huchapwa kwa joto, na joto la jiji hili likizikuta kwenye nailoni juu ya kabati hazimalizi mwaka. Mahakama zetu hazina mchezo kwenye hasara za aina hiyo. Gharama uliyokwishaitoa lazima itajwe kwa kiasi chake na ithibitishwe. Fidia ya maumivu na ulemavu ndiyo iliyo kwenye busara ya hakimu. Tuliokoa baadhi kwa kurudi kwenye maduka ya dawa na hospitali kuomba nakala. Nyingine zilipotea. Tangu siku hiyo kila anayeingia ofisini kwangu na mguu wa plasta namwambia apige risiti picha kabla hajatoka dirisha la dawa.

Kipato cha mwanawe ndicho kilichotusumbua zaidi. Hana hati ya mshahara. Ana pikipiki ya mkataba na hesabu ya kila siku. Kilichosaidia ni daftari la mwenye pikipiki lenye tarehe na sahihi, taarifa ya miamala ya simu, na barua ya viongozi wa kijiwe. Upande wa pili nao uliuliza kuhusu helmeti na leseni, na ni haki yao kuuliza, maana mahakama ikiona majeruhi naye alichangia kuumia kwake inaweza kupunguza fidia. Aliyeumia akiwa kazini, utingo au kuli wa kampuni, ana mlango mwingine tena: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao hauulizi kwanza nani alikuwa na kosa.

Dai la madhara kama haya lina miaka 3 ya kufunguliwa mahakamani. Inaonekana mingi. Lakini ninavyoona mimi, siku zenye thamani ni chache tu, zile ambazo lori limezuiwa kituoni likisubiri ukaguzi. Mzigo wa watu umesimama, mteja wa Lubumbashi anapiga simu, na mwenye lori anakutafuta wewe, kwa heshima, mara tatu kwa siku. Kuliachia ni uamuzi wa polisi, si wako, na ukaguzi ukiisha litaondoka. Kabla halijatoka getini uwe na picha za namba zote mbili, nakala ya bima, ya leseni ya dereva na ya kadi ya gari, na anuani ambako barua ya madai itapokelewa na mtu mwenye jina.