Kidonda cha Tangi la Samaki: Hatari Iingiayo Nyumbani na Samaki Wapya

Ufugaji wa samaki wa mapambo katika matangi ya kioo ni burudani inayopendwa majumbani, hotelini na hata katika vyumba vya kusubiria vya kliniki. Baadhi ya samaki wanaofugwa hivyo duniani kote asili yao ni Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa. Kwa kuwa ni wadogo, wapole na hawatoki majini, ni watu wachache wanaowafikiria kuwa chanzo cha maradhi. Hata hivyo, samaki hao pamoja na maji yao wanaweza kubeba bakteria aitwaye Mycobacterium marinum, ndugu wa karibu wa bakteria wa kifua kikuu. Ugonjwa anaousababisha si wa kawaida, na kwa mtu mwenye afya njema ni nadra kuhatarisha maisha. Lakini ukichelewa kutambuliwa, unaweza kumwacha mgonjwa na kidole kisichokunjika.

Bakteria huyu alitambuliwa mwaka 1926 katika samaki wa baharini waliokufa kwenye matangi ya maonyesho mjini Philadelphia, Marekani. Kwa miaka mingi alidhaniwa kuwa adui wa samaki peke yao. Mwaka 1951 watafiti wa Sweden walieleza vidonda vya ngozi vilivyowapata watu waliotumia bwawa moja la kuogelea, na mwaka 1962 yakaripotiwa maambukizi yaliyotokana na tangi la samaki la nyumbani. Matumizi ya klorini yamepunguza maambukizi ya mabwawani. Matangi ya samaki yamebaki kuwa miongoni mwa vyanzo vikuu.

Kwa nini samaki wapya?

Samaki wa biashara hupita mikono mingi kabla ya kufika dukani. Hukusanywa kutoka sehemu mbalimbali, hubanwa katika maji machache na kusafirishwa safari ndefu. Msongamano na uchovu wa safari hudhoofisha kinga yao, nayo maji ya pamoja hueneza vimelea kutoka samaki mmoja hadi mwingine. Samaki aliyeambukizwa anaweza kuonekana mzima kwa wiki au miezi. Wengine hukonda ingawa wanakula, hupoteza magamba, hupata vidonda mwilini, macho hutokeza, au uti wa mgongo hupinda. Samaki akifa na kuachwa tangini, wenzake humla na kuambukizwa. Bakteria hao pia hujishikiza katika utando wa ute unaoota kwenye kuta za tangi, mawe na chujio, hivyo kuondoa samaki mgonjwa peke yake hakutoshi kulisafisha tangi.

Jinsi mtu anavyoambukizwa na dalili zake

Bakteria huingia mwilini kupitia mchubuko, jeraha dogo au mchomo wa mwiba wa samaki, aghalabu mtu anapolisafisha tangi kwa mikono mitupu. Ugonjwa hauambukizwi kutoka kwa mtu hadi mtu. Bakteria huyu hustawi katika joto la nyuzi 30 hadi 32 za Selsiasi na hukua kwa shida katika nyuzi 37. Ndiyo sababu hushambulia zaidi vidole, mikono na sehemu nyingine za mwili zenye ubaridi kuliko viungo vya ndani.

Kwa kawaida dalili huanza wiki 2 hadi 4 baada ya kuambukizwa, ingawa zinaweza kuchelewa kwa miezi kadhaa. Hutokea kivimbe chekundu au cha zambarau kisicho na maumivu makali, ambacho hukua polepole na pengine kuchimbika kuwa kidonda. Wakati mwingine vivimbe vingine hujipanga kwa mstari kuelekea juu ya mkono, vikifuata njia ya limfu. Ugonjwa ukizama ndani, hushambulia kano, viungo na mifupa. Watu wenye kinga dhaifu, wakiwamo wanaoishi na VVU wenye kinga iliyoshuka na wanaotumia dawa za kushusha kinga, wamo katika hatari ya ugonjwa kusambaa mwilini.

Kwa mhudumu wa afya

Kosa linalotokea mara nyingi ni kukidhania kivimbe hicho kuwa jipu, fangasi wa ngozi au baridi yabisi. Mgonjwa hupewa viuavijasumu vya kawaida, au sindano ya steroidi ambayo huzidisha ugonjwa. Swali moja linaweza kufupisha safari hiyo: “Je, unafuga au unashika samaki?” Na kwa kuwa mgonjwa mwenyewe huenda amekwisha kusahau mchubuko wa wiki nyingi zilizopita, ni vyema aulizwe pia kuhusu kazi za uvuvi na usafishaji wa samaki.

Kipande kidogo cha ngozi kichukuliwe kwa uchunguzi, na maabara ielezwe wazi kinachoshukiwa ili ioteshe sampuli katika nyuzi 30 pamoja na nyuzi 37. Majibu ya kuotesha huweza kuchukua wiki kadhaa. Hadubini isipoonyesha vimelea, ugonjwa haujaondolewa, kwani mara nyingi huwa wachache. Kipimo cha ngozi cha kifua kikuu kinaweza kuwa chanya bila mgonjwa kuwa na kifua kikuu.

Tiba hutumia dawa kama klarithromisini, ethambuto na rifampisini, mara nyingi mbili kwa pamoja. Isoniazidi na pirazinamidi, ambazo ni nguzo za tiba ya kifua kikuu, kwa kawaida hazimdhuru bakteria huyu. Dawa huendelea kwa mwezi 1 hadi 2 baada ya dalili kutoweka, jumla yake ikiwa takriban miezi 3 hadi 4. Kano au mfupa ukishambuliwa, upasuaji unaweza kuhitajika.

Kwa mfugaji

Kabla ya kununua, mfugaji alitazame tangi zima la muuzaji. Palipo na samaki waliokonda, wenye vidonda au waliokufa, asinunue hata wale wanaoonekana wazima. Samaki wapya watengwe katika tangi lao kwa angalau wiki 4, kwa neti na ndoo zao. Kutenga hupunguza hatari, ingawa hakuimalizi. Maji ya mfuko waliosafirishiwa yasimiminwe tangini.

Wakati wa kusafisha avae glovu ndefu zisizopitisha maji, na mwenye jeraha mkononi amwachie mwingine kazi hiyo. Maji ya tangi yasivutwe kwa mdomo kupitia mpira, wala vyombo vyake visioshwe katika sinki la jikoni, kwa kuwa yanaweza pia kubeba salmonela. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kazi.

Uvimbe au kidonda cha mkono kisichopona kwa wiki 3 kipelekwe kituo cha afya, na mgonjwa ataje samaki wake bila kusubiri kuulizwa.