Majani Mekundu Katika Vyungu Vyetu

Sisi mafrateri tunaotunza miti ya vyungu nyuma ya bwalo tuliingia katika kazi hii kwa sababu ya picha. Katika kalenda moja ya ukutani kulikuwa na bonsai ya Kijapani: mti wa mepo usiozidi urefu wa mkono, shina lake limezeeka, majani yake mekundu kama makaa. Mepo ndio mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Tukataka nasi rangi hiyo hapa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru.

Kwa mepo haiwezekani, na sababu yake ni rahisi. Mti huo huongozwa na siku zinazofupika na baridi inayoingia, kisha huhitaji miezi ya baridi kali ili upumzike. Morogoro iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Tofauti ya urefu wa mchana kati ya Juni na Desemba haifiki saa moja, na kipupwe chetu hudai sweta asubuhi tu. Ukiinua macho kutazama misitu ya Uluguru huoni mlima ukigeuka rangi, kwa kuwa miti mingi ya kule huangusha majani kidogo kidogo mwaka mzima.

Lakini tunao mkungu, ule ule ambao watoto huokota kungu chini yake. Tuliotesha mbegu yake katika ndoo iliyokatwa, tukaupogoa, na mwaka wa tatu, katikati ya kiangazi, majani yake yakaanza kugeuka manjano, kisha rangi ya shaba, kisha mekundu. Kinachotokea ni hiki: mti unapojiandaa kuliacha jani, huvunja klorofili, ile rangi ya kijani, na kurudisha naitrojeni shinani. Manjano iliyokuwa imefichwa chini ya kijani huonekana. Wekundu ni jambo jingine: hutengenezwa upya, kwa rangi iitwayo anthosianini, na mwanga wa jua huuchochea. Ndiyo maana jani lililo kivulini mara nyingi huishia manjano tu. Ukitaka wekundu, weka chungu mahali penye jua la asubuhi, mbele ya ukuta mweupe ikiwezekana.

Mkungu ule tuliufurahia majuma machache, kisha tukauua. Majani yalipokwisha kuanguka tulidhani una kiu, tukaongeza maji kila jioni. Mti usio na majani hunywa maji kidogo sana. Udongo wa chungu ukabaki tope, mizizi ikakosa hewa na kuoza. Tungekwangua gome kwa ukucha tungeona ubichi wa kijani chini yake, tukajua kwamba mti uko hai, umepumzika tu. Siku hizi tunachovya kidole kwenye udongo kwanza.

(Aristotle, katika kitabu cha tano cha maandishi yake juu ya uzazi wa wanyama, alilinganisha kupukutika kwa majani na upara, akisema vyote hutokana na upungufu wa unyevu wenye joto. Mlezi wetu mmoja hakufurahi tulipomsimulia.)

Kosa la pili lilikuwa kinyume cha la kwanza. Tulipata miche ya myombo, miti ya misitu mikavu kama ile ya Kitulangalo, kando ya barabara ya Dar es Salaam. Mwezi Septemba, mvua bado haijanyesha, mche mmoja ukatoa majani laini, mekundu kabisa. Tukakumbuka mkungu, tukasema ugonjwa umeingia, tukaanza kuyachuma. Frateri mwenzetu kutoka Tabora, aliyekulia katikati ya miombo, akaja mbio: “Acheni, ndugu zangu! Hayo ndiyo kwanza yanazaliwa.”

Ni kweli. Miombo huchipua joto linapoanza kupanda baada ya kipupwe, majuma kadhaa kabla ya mvua, na majani yake machanga huwa mekundu, ya shaba au ya waridi kabla ya kuwa kijani. Rangi ni anthosianini vilevile. Wataalamu wengi huona kwamba hulikinga jani changa na jua kali wakati klorofili yake bado ni haba. Sisi tulikuwa tumetoa hitimisho moja kutoka kwa dalili moja, na mwalimu wetu wa mantiki angetusahihisha kwa kalamu nyekundu.

Hata neno lenyewe linatupotosha. Baadhi ya tafsiri huyaita majira ya kupukutika majani ya Ulaya “vuli”. Vuli yetu, Oktoba hadi Desemba, ni mvua za kupanda, na miti mingi inavaa majani mapya.

Anayetaka kujaribu myombo achukue pia udongo kidogo chini ya mti mama, kwa sababu mizizi yake huishi kwa kushirikiana na kuvu waliomo humo. Atumie chungu chenye kina, maana mche hushusha mzizi mrefu kabla ya kurefuka. Na asiache udongo ukauke kabisa mwezi wa tisa: porini mti mkubwa hutegemea mizizi mirefu na maji yaliyohifadhiwa shinani, ila mche wa chungu unatutegemea sisi.

Ule tuliouchuma ulibaki na majani matano. Tumeuhamishia kwenye dirisha la bwalo, na anayeosha vyombo ndiye anayeuona vizuri zaidi.