Je, Wajua? Fuvu la Mkwawa limo katika Mkataba wa Versailles

Mkataba uliofunga Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1919 una kifungu, cha 246, kilichoitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mtwa (mtawala) Mkwawa wa Wahehe ndani ya miezi sita. Wahehe walisubiri hadi 1954!

Mkwawa ndiye aliyejenga ngome ya mawe ya Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi lake lilikivizia kikosi cha Wajerumani huko Lugalo na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Kalenga ilianguka Oktoba 1894, lakini Mkwawa aliendelea kupigana hadi 19 Julai 1898, alipojipiga risasi asikamatwe.

Fuvu lake, lililochukuliwa na Wajerumani, lilipatikana kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alilichagua kati ya mafuvu mengi kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai. Mwaka 1954 alilikabidhi kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge.

Leo limo ndani ya kabati la kioo, Makumbusho ya Kalenga. Ukipita Iringa, usiache kuingia.