Vakyumu ya Zamani: Itengenezwe au Iachwe?

Kabla hujaipakia mashine kwenye tuktuk kwenda kwa mafundi wa Mwembe Tayari, hapa Mombasa, tazama kwanza sakafu ya nyumba yako. Vakyumu ya kusimama, ile ya zamani yenye mpini mrefu, mfuko wa kitambaa mgongoni na brashi inayozunguka chini, iliundwa kwa ajili ya mazulia. Kama nyumba yako ni ya vigae na mikeka, usiitolee hata shilingi moja. Kwenye vigae brashi itarusha mchanga huku na huku, na kwenye mkeka itachana ukindu. Fagio na tambara la maji vinatosha.

Lakini kama una zulia la ukuta hadi ukuta, au unasimamia usafi wa msikiti au madrasa, mambo ni mengine. Vakyumu mpya za umbo la pipa, zile za bei nafuu zinazouzwa madukani, huvuta tu, hazipigi. Mchanga wetu wa pwani huzama chini ya nyuzi za zulia na kukaa huko ukizila kidogo kidogo. Kinachoutoa ni brashi inayolipiga zulia huku hewa ikivuta. Kwa kazi hiyo, mashine ya miaka ya 1970 iliyotengenezwa vizuri bado ina thamani yake. Inafaa kutengenezwa, ila kwa masharti.

Sharti la kwanza ni umeme. Igeuze usome kibati kilicho chini au nyuma. Umeme wa Kenya ni volti 240. Ukiona 220, 230 au 240, endelea. Mashine zilizotoka Uingereza, Dubai au Omani kwa kawaida ziko sawa. Ukiona 110 au 120, kwa kawaida hiyo ni ya Marekani au Kanada. Ukiona 127, huenda aliileta mtu aliyeishi Saudia zamani. Ukichomeka mojawapo ya hizo moja kwa moja, utaunguza mota. Utashauriwa ununue transfoma, basi piga hesabu: kibati kikisema ampea 12 kwa volti 120, ni wati 1,440, kwa hivyo utahitaji transfoma ya wati 2,000 hivi. Ni mzigo mzito wa kuburuta chumba hadi chumba, na bei yake inakaribia ya pipa jipya. Mashine ya volti 120, hata ukipewa bure na jamaa, iache.

Bado tuko kwenye umeme, maana hapa ndipo watu wanapopoteza maisha. Waya wa zamani wenye ganda la mpira hukauka na kupasuka, na joto la Mombasa halisaidii. Usikubali ufungwe tepu. Badilisha wote, kutoka plagi hadi swichi. Na umuulize fundi kama anazijua rangi za zamani. Kwenye mashine za Uingereza za kabla ya miaka ya 1970, nyekundu ni laivu, nyeusi ni nyutro, kijani ni waya wa ardhi. Siku hizi laivu ni kahawia, nyutro ni buluu, na waya wa ardhi ni kijani chenye mstari wa manjano. Kwa Wamarekani nyeusi ndiyo laivu. Fundi anayeunga kwa mazoea anaweza kuliacha bodi la chuma likiwa na umeme, nawe umesimama peku kwenye sakafu yenye unyevu. Ikiwa mashine ina bodi la chuma, waya wa ardhi lazima uwepo na upimwe kwa mita. Waya huuzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Hapa usibane matumizi.

Baada ya hapo, habari nzuri. Mashine nyingi zinazoitwa mbovu zina mota nzima. Zinanguruma lakini haziutoi mchanga kwenye zulia, na kosa ni la mkanda wa mpira unaozungusha brashi. Mpira huo hulegea na kukauka hata mashine ikikaa stoo bila kutumika. Ni kitu kidogo, na ndicho kinachosumbua zaidi kukipata.

Una njia tatu za kuupata. Ya rahisi kabisa ni fundi kukukatia mkanda kutoka tyubu ya gurudumu. Utapata leo, kwa pesa ya chai, lakini mkanda huo utateleza, utapata joto na kunuka, na baada ya muda mfupi wewe utarudi palepale. Uchukue kama njia ya kujaribia tu: ukithibitisha kwamba brashi inazunguka na mota haina tatizo, ndipo utumie pesa zaidi. Ya pili, ikiwa mkanda wako ni wa duara kama kamba na si bapa, ni kutafuta ringi ya mpira kwenye duka la sili na beringi. Ikipatikana ya kipimo sawa, hudumu vizuri kwa bei ndogo. Ya tatu ni mkanda wa kiwandani.

Hapo ndipo Mwembe Tayari inapokufaa kwa jambo jingine. Ofisi za mabasi ya bara ziko hapo. Duka la Nairobi likiwa na mkanda wako, litautuma kwa basi la usiku nawe utauchukua asubuhi. Lakini kumbuka ada ya kifurushi, na kwamba ukitumiwa usio sahihi utalipa ada hiyo tena. Pima upana, unene na urefu wa mkanda ukiwa umelazwa, upige picha kando ya rula, kisha upige simu. Kuagiza nje ya nchi kwa ajili ya mkanda mmoja ni hasara: nauli ya posta, ushuru na VAT ya asilimia 16 vitazidi bei ya mkanda wenyewe.

Mota ikitoa cheche nyingi, kwa kawaida kaboni zimekwisha. Usihangaike kutafuta za mashine yako hasa. Kaboni za drili au grainda zilizo kubwa kidogo hupigwa msasa hadi zikae sawa, na bei yake haizidi mamia machache ya shilingi. Beringi inayopiga kelele nayo ni kazi ndogo.

Ukiambiwa mota isukwe upya, simama. Mota hii huzunguka kwa kasi kubwa sana, na ikisukwa bila kusawazishwa uzito itatetemeka hadi iharibu beringi mpya. Gharama yake haifai kwa mashine ya nyumbani. Shukuru, chukua mashine yako, uiuze kwa spea.

Mfuko usikuumize kichwa. Mifuko ya karatasi ya mashine za zamani ni vigumu kupata hapa, lakini fundi cherehani anaweza kukushonea wa kitambaa cha marekani, safu mbili, mdomo ukifuata kipimo cha ule wa zamani. Unafuliwa, unaanikwa, unarudishwa ukiwa mkavu kabisa. Kasoro yake ni moja na ni kubwa: vumbi laini hupenya. Nyumba yenye mtu wa pumu isitumie mashine ya namna hii.

Sasa gharama zisizotajwa mapema. Kuna pesa ya kufungua na kuangalia, ambayo mafundi wengine huitoza hata usipotengeneza. Kuna nauli ya tuktuk, kwenda na kurudi, mara mbili kama spea haipo. Kuna pesa ya spea unayoombwa utangulize. Mwambie utanunua mwenyewe, au akupe risiti na akurudishie kifaa cha zamani. Kubalianeni jumla ya ufundi kabla bisibisi haijaguswa.

Kwa tokeni za umeme, mashine ya zamani ina nafuu. Nyingi hula wati 300 hadi 600, na mapipa mengi mapya wati 1,200 au zaidi. Nusu saa kwa wiki, kwa wati 500, ni kama yuniti moja kwa mwezi. Kwa wati 1,400 ni karibu tatu. Wala usidanganywe kwamba wati nyingi ndiyo nguvu ya kuvuta. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha wati 1,600 mwaka 2014, ukakishusha hadi 900 mwaka 2017, na mazulia yao yanaendelea kusafishwa.

Pipa dogo jipya huanzia takriban shilingi 8,000 hadi 15,000. Mara nyingi linavuta maji pia, spea zake zinapatikana, na lina garantii ukihifadhi risiti. Kwa nyumba ya vigae yenye zulia moja sebuleni, ndilo ningelinunua. Mtumba wa kontena ni bahati nasibu: ukiununua, uwashwe mbele yako, na bei iwe chini ya nusu ya mpya. Mwenye zulia moja asiyetaka mashine kabisa amlipe muosha mazulia mara mbili kwa mwaka.

Mwenye mazulia mengi na mashine ya volti 240 yenye mota nzima, atengeneze: waya, mkanda, kaboni, mfuko. Jumla na ufundi isizidi shilingi 4,000; ikipita hapo, nunua pipa. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, maduka ya spea yakiwa wazi, ubebe kipande cha zulia, na usilipe salio kabla mashine haijafanya kazi juu yake mbele yako kwa dakika kumi. Mota yenye kasoro mara nyingi huanza kunuka ndani ya muda huo.