Fahamu jinsi ilimba ya Wagogo ilivyoingia kwenye biti za kompyuta

Ukizaliwa Gulwe, Mpwapwa au popote Ugogo, sauti ya ilimba huhitaji kufundishwa. Lakini je, unajua kwamba sauti hiyo imeshachanganywa na biti za kompyuta na kutolewa na lebo za Uingereza? Na miongoni mwa waliofanya hivyo ni ukoo wa Zawose.

Alianza mzee

Hukwe Zawose alitoka Dodoma. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, kisha akaweka makazi Bagamoyo, alikofariki Desemba 30, 2003. Mwaka 2002 alitoa albamu ya Assembly pamoja na Michael Brook wa Canada, chini ya Real World, lebo ya mwanamuziki Peter Gabriel.

Mwaka 2017 mwanawe, Msafiri Zawose, akaenda mbali zaidi. Albamu yake ya Uhamiaji, iliyotolewa na Soundway ya London, imejaa vinanda vya umeme na biti za kuchezeka.

Kwa nini vinaelewana?

Ilimba ni kisanduku cha mbao chenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Mpigaji anazungusha mdundo uleule, anaongeza kitu kidogo, anarudi pale pale. Muziki wa klabu nao unakwenda hivyohivyo, yaani ni marudio yanayobadilika polepole mpaka mwili unakubali.

Ugumu upo kwenye mambo mawili. Kwanza, mkono wa mtu unapumua, kompyuta haipumui. Pili, ilimba ina mvumo wake wa kukwaruza. Fundi asiyeujua anaweza kuusafisha akidhani ni kelele, kumbe ndiyo ladha yenyewe.

Akina mama watoka nyuma

Kimila, ilimba na zeze vilikuwa vya wanaume. Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake, waliimba miaka mingi nyuma ya wanaume wa familia. Juni 2024 wakatoa albamu yao, Maisha, kwa jina la The Zawose Queens, tena chini ya Real World. Humo wanaimba, wanapiga ala wenyewe, na vionjo vya kompyuta vimewekwa kwa kipimo.

Jina kubwa, msikilizaji mbali

Hapa ndipo penye swali gumu. Muziki wa Kigogo ni wa kuitikiana. Ngoma ya muheme hupigwa na akina mama wengi kwa pamoja, hakuna staa. Albamu inataka jina moja kwenye kava na mtu mmoja mbele ya maiki.

Halafu fikiria msanii anaimba Kigogo Ulaya. Ukumbi umejaa, watu wanacheza, ila hakuna anayeelewa neno. Wanaoelewa wako Gulwe, na wengi wao hawajui kama albamu ipo. Kushangiliwa na usioelewana nao ni upweke wa aina yake.

Dawa yake si ngumu. Albamu hizi zinapatikana kwenye mitandao ya muziki. Ukizifungua, vaa earphone, maana spika ya simu inameza mvumo wa ilimba. Kisha mpe bibi naye asikilize. Yeye ndiye atakayekwambia wanaimba nini, na huenda akaitikia.