‘Salama ukifuata maelekezo’: maneno yasiyotakiwa katika tangazo la dawa ya nyanya

ABIRIA wanaotoka Morogoro mjini kwenda Mzumbe na Mgeta huiacha barabara kuu ya Iringa pale Sangasanga. Hiyo ndiyo njia ya nyanya za Mlali, na ya kabichi, karoti, njegere na viazi vinavyoteremka kutoka milima ya Uluguru kwenda masoko ya Morogoro na Dar es Salaam. Njia hiyo hiyo ndiyo inayopandisha dawa za wadudu na za ukungu.

Mkulima anaingia katika duka la pembejeo akiwa na jani la nyanya lenye michirizi. Mwenye duka analitambua mara moja. Ni kantangaze, yule mdudu ambaye wataalamu humwita Tuta absoluta, aliyegunduliwa hapa nchini mwaka 2014. Asipodhibitiwa anaweza kumaliza karibu shamba zima. Chupa inashushwa kutoka rafuni na maelezo yanatolewa: “Hii inamaliza kabisa. Tena ni salama, ukifuata maelekezo.”

Mkulima analipa na kuondoka. Wachache wanajua kwamba sentensi hiyo fupi, inayosikika kuwa ya busara, inakwenda kinyume cha kanuni za kimataifa ambazo makampuni makubwa ya viuatilifu yenyewe yameahidi kuzifuata.

Kanuni zisizo sheria

Kanuni hizo zilipitishwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) mwaka 1985. Zilifanyiwa marekebisho mwaka 2002, na toleo la sasa liliidhinishwa mwaka 2013, ambapo Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo limeshirikishwa. Zinahusu usimamizi wa viuatilifu tangu kiwandani hadi chupa tupu inapotupwa. Ibara ya 11 inashughulikia matangazo peke yake.

Kanuni hizi ni za hiari. Hakuna polisi wala mahakama yake. Serikali zinaombwa kuziingiza katika sheria zao, na makampuni yanatakiwa kujidhibiti yenyewe. Makampuni makubwa yaliyo chini ya umoja wao wa kimataifa, CropLife International, yameahidi kuziheshimu.

Hata hivyo, maandishi peke yake hayatoshi. Neno moja linaweza kusomwa kwa namna mbili, na kila anayeuza atachagua ile inayomfaa. Ndiyo sababu lipo jopo la wataalamu. Tangu mwaka 2007, wataalamu wa FAO na wale wa WHO wamekuwa wakikutana pamoja kuhusu usimamizi wa viuatilifu. Huteuliwa kwa ujuzi wao binafsi, hawawakilishi serikali wala kampuni. Wawakilishi wa viwanda na wa asasi za kiraia huhudhuria kama watazamaji. Kazi mojawapo ya jopo ni kuandaa miongozo inayoeleza kila ibara ina maana gani. Mwongozo kuhusu matangazo ya viuatilifu ulitolewa mwaka 2010.

Tangazo ni nini?

Swali la kwanza ambalo jopo lolote la namna hii hujiuliza ni kama jambo linalolalamikiwa ni tangazo kweli. Mfanyabiashara anaweza kudai kwamba yeye hakutangaza, alizungumza tu na mteja wake.

Kanuni za FAO na WHO zinaziba mwanya huo. Kwa mujibu wake, kutangaza ni kuhimiza uuzaji au matumizi ya kiuatilifu kwa maandishi, redio, televisheni, mabango, maonyesho, zawadi, au kwa maneno ya mdomo.

Kwa maana hiyo, bango lililochorwa ukutani ni tangazo. Kofia na fulana zinazogawiwa siku ya shamba darasa ni tangazo. Wakala anayepuliza mistari miwili ya nyanya ili wakulima waone matokeo anatangaza. Na mwenye duka wa Mzumbe aliyesema “hii inamaliza kabisa” naye ametangaza, hata kama hakulipwa senti moja na kampuni.

Neno ‘salama’

Ibara ya 11 inakataza tangazo la kiuatilifu kutumia maneno kama “salama”, “haina sumu” au “haina madhara”. Wauzaji wengi wangedhani kwamba ukiongeza “ukifuata maelekezo” kosa limefutika. Kanuni zinasema wazi kwamba katazo lipo pale pale, hata neno hilo likifuatwa na maelezo ya namna hiyo.

Ukali huo unaonekana vizuri ukilinganishwa na kanuni nyingine. Nchini Uingereza, viwanda vya dawa za binadamu vimekuwa na kanuni zao za maadili tangu mwaka 1958, na tangu mwaka 1993 malalamiko husikilizwa na chombo maalumu kiitwacho PMCPA. Jopo lake huamua, na asiyeridhika hukata rufaa. Kanuni hizo nazo zinalibana neno “salama”, lakini zinachokataza ni kulitumia bila ufafanuzi. Kwa hiyo neno ni lile lile, ila kwa kidonge ufafanuzi unaweza kuliokoa, na kwa kiuatilifu hauwezi.

Sababu ya tofauti hiyo ni hali ya mtumiaji. Tangazo la dawa ya hospitali linalohusika pale husomwa na daktari. Kiuatilifu kinanunuliwa na mkulima mwenyewe, anachanganya mwenyewe na kupuliza mwenyewe, mara nyingi kwa bomba la mgongoni linalovuja, jua likiwa kali. Maelekezo anayotakiwa kuyafuata yanaweza kudai glavu, mabuti, miwani na kinga ya pua na mdomo. Kanuni zenyewe zinakubali kwamba vifaa hivyo ni ghali, havipatikani kirahisi na vinachosha katika nchi za joto. Ndiyo maana Ibara ya 3 inashauri viuatilifu vinavyohitaji vifaa vya namna hiyo viepukwe, hasa kwa wakulima wadogo.

Hapo ndipo “ukifuata maelekezo” inapogeuka mtego. Inaahidi usalama kwa sharti ambalo muuzaji anajua wateja wengi hawalitimizi. Mkulima akiugua, lawama inamrudia yeye kwamba hakufuata.

Aidha, lebo haina majibu yote. Utafiti uliofanywa kwa wakulima wadogo wa mboga kaskazini mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba takribani theluthi moja yao walikuwa wakichanganya dawa zaidi ya moja katika bomba moja. Lebo huandikwa kwa ajili ya dawa iliyomo katika chupa moja. Anayechanganya tatu ana lebo tatu mkononi na hana maelekezo ya mchanganyiko wake.

Faida, picha na zawadi

Neno “salama” ni mfano mmoja tu. Ibara hiyo pia haitaki ahadi za aina ya “faida zaidi” au “mavuno makubwa yamehakikishwa”, isipokuwa upo ushahidi wa kweli. Haitaki picha ya mtu anayechanganya au kupuliza dawa bila kinga ya kutosha, wala dawa ikitumika karibu na chakula au watoto. Haitaki zawadi zisizofaa za kumvuta mtu anunue. Haitaki tangazo lipotoshe kwa kuficha jambo, kwa kutia chumvi, au kwa kumfanya mnunuzi aamini kwamba serikali imeipendekeza bidhaa.

Jambo la mwisho linahitaji kuangaliwa. Kiuatilifu kuandikishwa ni sharti la kuuzwa nchini. Si cheti cha kwamba hakidhuru. Vivyo hivyo kwa rangi za lebo. Nyekundu ni sumu kali zaidi, hufuatiwa na njano, bluu na kijani. Wapo wanaoiona kijani wakadhani wameruhusiwa kupuliza kifua wazi. Kijani maana yake ni kwamba hatari ya sumu ya papo kwa papo ni ndogo kuliko ya zile nyingine. Kwa kanuni hizi, hata chupa ya kijani haipaswi kutangazwa kuwa salama.

Mzigo wa ushahidi nao uko upande mmoja. Kila linalodaiwa katika tangazo lazima liwe na msingi wa kitaalamu, na anayetakiwa kuuonyesha ni mtangazaji. Mwaka 1999 mamlaka ya viwango vya matangazo ya Uingereza, ASA, ambayo nayo ni chombo cha sekta kujidhibiti, ilikubali baadhi ya malalamiko dhidi ya matangazo ya kampuni ya Monsanto kuhusu vyakula vya mazao yaliyobadilishwa vinasaba. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba kampuni iliweka maoni yake kana kwamba ni ukweli uliokwisha kukubalika.

Jopo lisilo na rungu

Udhaifu wa utaratibu huu unajulikana. Jopo la FAO na WHO haliwezi kumtoza mtu faini wala kufunga duka. Linaweza kufafanua, kushauri na kupokea taarifa. Hata hivyo ufafanuzi una uzito wake. Mwaka 2008 jopo hilo liliweka vigezo 8 vya kutambua viuatilifu vyenye hatari kubwa. Tangu hapo nchi inayotaka kuondoa dawa fulani sokoni ina kipimo cha kutumia.

Kigezo kimojawapo kinamhusu moja kwa moja mkulima wa Mzumbe. Kinazungumzia dawa ambazo zimeonekana kusababisha mara nyingi madhara makubwa au yasiyorekebishika kwa watu au mazingira. Ushahidi wa namna hiyo unatoka mashambani na katika zahanati. Mpulizaji anayetapika jioni, akanywa maziwa na kulala, hajaingia katika hesabu yoyote. Akienda zahanati na chupa au lebo mkononi, anapata tiba inayofaa na tukio lake linaandikwa.

Kwa hapa nchini, mwenye rungu ni sheria. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyochukua kazi za iliyokuwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu, TPRI. Huko ndiko kwa kupeleka taarifa za dawa isiyoandikishwa au lebo yenye mashaka. Madai ya kupotosha wateja kwa ujumla yako pia chini ya Tume ya Ushindani (FCC), kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Kwa mkulima na mwenye duka

Mkulima hahitaji kusubiri jopo likutane ili asome tangazo kama linavyosoma jopo. Maswali yanatosha. Dawa hii ni ya mdudu gani, na je, jina la zao langu limo katika lebo? Ni siku ngapi za kusubiri kabla ya kuvuna? Ina rangi gani? Inataka kinga gani, na je, duka hili linaiuza? Muuzaji anayejibu kwa kusoma lebo anafaa kurudiwa. Anayejibu kwa “usiwe na wasiwasi” hajajibu.

Kwa mwenye duka, kulitoa neno “salama” mdomoni hakugharimu kitu. Badala yake anaweza kusema: “Hii ni sumu, ina alama ya njano, vaa glavu na usivune kabla ya siku zilizoandikwa hapa.” Asimimine dawa katika chupa ya soda au ya maji ili kumuuzia mteja mwenye fedha kidogo, kwani kanuni zinakataza kabisa. Na shamba la mteja likiangamia baada ya ahadi ya “inamaliza kabisa”, kampuni iko mbali. Duka liko pale pale kijijini, na mteja anajua mlango wake.