Machicha Yanenepesha Ndama, Lakini Yapimwe



Huenda umejiuliza kama machicha yanawafaa ndama unaowalea kwa nyama. Yanafaa sana, lakini kwanza yakupasa ujue machicha ni nini.

Huko Marekani mahindi mengi hupelekwa viwandani kufanywa spiriti ya kuendeshea motokaa. Punje ya mahindi ina wanga, protini, mafuta na madini. Wanga hugeuzwa kuwa sukari, kisha hamira hula sukari hiyo na kuigeuza kuwa spiriti na hewa. Kila kilo 100 za mahindi huacha machicha makavu kama kilo 30. Vile vitu vingine havikupotea, bali vimekusanyika pamoja. Mahindi yana protini kama sehemu 9 katika 100, lakini machicha yake yana karibu 30. Ndiyo sababu wafugaji wa huko huwapa ndama walioachishwa maziwa, hasa nyasi zikikauka. Machicha ya bia tunayopata hapa Kenya hutoka katika shayiri, nayo ni vivyo hivyo: wanga umetoka, protini imebaki.

Lakini angalia! Kizuri kikiongezeka mara tatu, kibaya nacho huongezeka mara tatu. Nafaka yenye ukungu huweza kuwa na sumu ya aflatoksini, ile iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Hamira haiondoi sumu hiyo. Hubaki katika machicha.

Basi, fuata haya:

1. Usinunue machicha yenye ukungu au harufu ya kuoza. Machicha mabichi huharibika kwa siku chache tu, basi nunua ya kutosha siku hizo, uyafunike vizuri.

2. Usimpe ndama mchanga anayenyonya. Ngoja aachishwe maziwa na azoee kula nyasi.

3. Ndama wa kilo 150 anatosheka na kilo 1 ya machicha makavu kwa siku. Machicha mabichi ni maji mengi, kwa hiyo mpe kilo 4. Anza na robo ya kipimo hicho, uongeze polepole kwa muda wa wiki mbili.

4. Nyasi au majani makavu ndiyo yawe chakula chake kikubwa. Machicha ni kitoweo, si ugali.

5. Changanya chokaa ya mifugo. Machicha yana fosforasi nyingi na kalisi kidogo, na ndama dume huweza kuzibwa njia ya mkojo na vijiwe.

6. Maji safi yasikosekane.

Ukiona ndama haoni, anayumba au anasukuma kichwa ukutani, acha machicha mara moja, umwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Kiberiti kikizidi katika chakula huharibu ubongo.

Ndama huyo huenda ndiye karo ya mtoto wako mwakani. Usimlishe kwa kukisia. Tafuta mizani, upime.